Manowari ya Bomba Tatu: Mchezo wa Vita na Hesabu ya Wasioonekana

Miongoni mwa maswali ya maadili ambayo wanafalsafa na wanateolojia hawakuyakalia sana lipo hili: je, ni halali kuichukua vita iliyokwisha kuua watu, yenye tarehe yake, mahali pake na wafu wake, kuipunguza hadi iwe ramani, vipande vya mbao na dadu, kisha kuketi jioni nzima kuipigana upya kwa ajili ya burudani? Swali huwa gumu zaidi pale mchezo unapochota msukumo wake kutoka kwa mvamizi wa biashara, istilahi ambayo hapa inakusudia manowari inayotumwa baharini peke yake, ikiwa na amri ya kuzikwepa manowari za adui na kuziwinda meli zake za mizigo, ili nchi idhoofishwe kwa kukatiwa mkondo wa bidhaa kabla ya majeshi yake kuguswa. Insha hii inatetea hoja moja, nayo ni kwamba uovu au wema wa mchezo wa aina hiyo hauko katika kuwa kwake mchezo, wala katika kuwa kwake wa vita, bali katika hesabu yake, yaani katika mambo ambayo kanuni zake humlazimisha mchezaji kuyahesabu na yale ambayo humruhusu kuyaacha nje.

Huenda ikaonekana ajabu kwa swali la baharini kujadiliwa kutoka Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ambako maji makubwa ya karibu ni yale ya Ziwa Viktoria upande wa Busega. Hata hivyo, biashara ya bahari huanzia mbali na bahari. Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa sehemu za Shinyanga na Mwanza, ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na pamba mbegu inayopimwa kwenye mizani ya chama cha msingi huko Itilima au Maswa hupelekwa kwenye kinu cha kuchambulia, ikatoka humo ikiwa marobota ya pamba nyuzi, na marobota hayo yakateremka hadi bandarini yakaitwa shehena. Robota likishaingia katika tumbo la meli halina tena jina la aliyelima, aliyepalilia wala aliyechuma, na mbele ya nahodha wa manowari ya adui huwa ni tani tu. Mwezi Agosti 1915 serikali ya Uingereza iliiingiza pamba katika orodha ya magendo ya vita, yaani bidhaa ambazo taifa linalopigana hudai haki ya kuzikamata njiani zikielekea kwa adui, kwa sababu nyuzi zake zilitumika kutengenezea baruti kali. Kuanzia Novemba 2023, mashambulizi dhidi ya meli za biashara katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi zilizokuwa zikipita Mfereji wa Suez kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mkulima wa Bariadi, kwa hiyo, yumo katika mchezo wa bahari hata kama hajawahi kuonja maji ya chumvi.

Mvamizi wa biashara aliyeacha alama kubwa kuliko wote katika pwani ya Tanzania ni manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyofika Dar es Salaam mwezi Juni 1914 chini ya Kapteni Max Looff, ikiwa na mizinga 10 ya milimita 105. Wenyeji, waliozoea kuzitambua meli kwa umbo lake, waliiita manowari ya bomba tatu, kwa kuwa ilikuwa na dohani tatu zilizosimama mstari mmoja. Vita Kuu ya Kwanza ilipotangazwa, manowari hiyo ilikuwa tayari imekwisha kutoka bandarini, na tarehe 6 Agosti iliikamata meli ya mizigo ya Kiingereza City of Winchester, iliyokuwa ikipeleka chai Ulaya, ikaipeleka kwenye visiwa vya pwani ya Omani, ikawatoa mabaharia wake, ikanyonya makaa yake ya mawe, kisha ikaizamisha. Hiyo ndiyo meli pekee ya biashara ambayo mwindaji huyo aliipata. Tarehe 20 Septemba, alfajiri, ilitokea ghafla nje ya bandari ya Zanzibar na kuipiga manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa, na zaidi ya mabaharia 30 wakafa. Mitambo yake ilipoharibika ilijificha katika delta ya Rufiji, ambako matawi ya mto hugawanyika katikati ya mikoko, na huko ilizingirwa tangu mwisho wa Oktoba 1914 hadi tarehe 11 Julai 1915, siku ambayo meli mbili za Kiingereza zenye kina kifupi na mizinga mikubwa, Severn na Mersey, zikiongozwa na ndege iliyokuwa ikitazama risasi zinaangukia wapi, ziliimaliza.

Bara nako hakukubaki nje. Katika Ziwa Viktoria meli za abiria na mizigo za Reli ya Uganda zilifungwa mizinga zikageuzwa manowari, na mwezi Novemba 1914 mojawapo, Sybil, ilikwama kwenye mwamba karibu na Majita, katika ziwa lilelile ambamo Mto Simiyu humwaga maji yake. Vita ya kuvizia biashara ilifika hivyo hadi kwenye ziwa ambalo leo ni la wavuvi wa Busega, na meli iliyokuwa jana ikibeba ngozi na magunia ikalazimika leo kuwaogopa majirani zake.

Ili kuelewa kwa nini mvamizi wa biashara huwavutia watunzi wa michezo, ni lazima kwanza kuitazama sheria ya ngawira, yaani kanuni za kimataifa zinazoeleza lini na kwa utaratibu gani meli ya adui inaweza kukamatwa na kuhesabiwa mali halali ya mkamataji. Asili ya mjadala wake wa kifalsafa iko katika tukio la mwaka 1603, wakati nahodha Mholanzi Jacob van Heemskerk alipoikamata meli ya Kireno Santa Catarina karibu na Singapore, ikiwa imejaa hariri na vyombo vya kauri, na mauzo yake yakaitikisa Amsterdam. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wanahisa wa kampuni iliyonufaika, Wakristo wa madhehebu ya Wamennonite ambao imani yao inakataza kumwaga damu, walisita kuipokea faida hiyo, na ni katika mazingira hayo ndipo kijana mwanasheria Hugo Grotius alipoandika kitabu kizima juu ya ngawira akitetea kwamba vita ya haki humpa mpiganaji haki juu ya mali ya adui. Mabishano hayo ya Uholanzi si mageni kabisa kwa Kanda ya Ziwa, kwani Wamennonite walianza kazi yao Shirati, katika Mkoa wa Mara unaopakana na Simiyu, mwaka 1934, na kanisa lao lipo hadi leo likifundisha amani ileile iliyowafanya wale wanahisa wasite kuipokea faida.

Sheria hiyo, kama ilivyokomaa baada ya Azimio la Paris la mwaka 1856 lililopiga marufuku maharamia wenye vibali vya serikali, ilimfunga mvamizi kwa masharti: asimamishe meli kabla ya kuipiga, akague hati zake, awaweke salama mabaharia na abiria, na ikiwezekana aipeleke meli yenyewe mbele ya mahakama itakayoamua kama ngawira ni halali. Kwa hiyo, katika mwaka 1914, vita ya kuwinda biashara ilikuwa tayari na sura ya mchezo, kwa maana ile ambayo mwanahistoria Mholanzi Johan Huizinga aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu binadamu kama kiumbe anayecheza, kwamba mchezo ni tendo lililotengewa mahali na muda wake, linaloshikwa na kanuni ambazo wahusika wamezikubali. Kapteni wa manowari nyingine ya Kijerumani, Karl von Müller wa Emden, alisifiwa hata na magazeti ya adui kwa jinsi alivyowatendea mateka wake katika Bahari ya Hindi. Mtunzi wa mchezo anayeichagua vita ya namna hii anaamini kwamba ameichagua vita safi, ambayo ndani yake mali hupotea na watu hubaki.

Katika kampeni ya mezani, neno kampeni likiwa na maana ya mfululizo wa mapambano ambamo matokeo ya leo huamua kitakachobaki kwa ajili ya kesho, ramani ya bahari hugawanywa katika miraba, na mchezaji mwenye manowari mvamizi huandika kwenye kikaratasi mraba alipo, akamkabidhi mwamuzi, ambaye peke yake ndiye anayeiona ramani nzima. Wapinzani wake, ingawa wana meli nyingi, huyatazama maji matupu na kukisia. Kila mraba unaovukwa hupunguza tani za makaa, kila meli inayokamatwa huongeza makaa na alama lakini hufichua mahali ilipokamatiwa, na mvamizi hujikuta akishindana zaidi na tumbo la tanuri lake kuliko na mizinga ya adui. Hapo ndipo ulipo utajiri wa jambo lenyewe, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa kweli: Looff alibanwa na uhaba wa makaa tangu wiki za mwanzo, Waingereza wakiwa wamenunua akiba iliyokuwapo katika bandari za Msumbiji. Mchezaji hujifunza kuamua bila kujua, na hujifunza pia kwamba yupo mwamuzi aonaye kile ambacho yeye haoni. Mafunzo hayo mawili hayana ubaya wowote kwa nafsi ya mtu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya mchezo kama huu ni la kidini, nalo husema kwamba kuchezea kifo ni kukidharau, na kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Jibu lake laweza kupatikana kwa Wasukuma wenyewe. Simulizi za Usukuma hueleza kwamba katikati ya karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walipobishana ni dawa ya nani iliyo na nguvu zaidi, ubishi wao uliamuliwa uwanjani kwa ngoma, na wafuasi wao wakawa makundi mawili, Bagika na Bagalu, ambayo hadi leo hushindana baada ya mavuno. Makundi mawili husimama uwanja mmoja, kila moja likiongozwa na manju wake, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi. Kila moja huleta mbinu zake za kushtukiza, wengine nyoka, wengine majembe yanayorushwa na kudakwa hewani. Na mshindi ni yule ambaye watazamaji wengi zaidi wamemkimbilia upande wake. Pamoja na maneno makali yanayoimbwa na dawa za kivita zinazotumika, asiyeshika silaha ndiye hakimu. Jamii iliyobuni utaratibu huo haikuidharau vita. Iliihamishia mahali ambapo ushindi hupimwa kwa miguu ya watu wanaotembea kwa hiari yao.

Pwani nako kulikuwa na mfano ulio karibu zaidi na manowari. Ngoma ya beni, iliyozuka katika miji ya Waswahili mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, iligawanyika katika vyama vilivyoshindana kwa mavazi, gwaride na nyimbo, vikiwa na wafalme, maafisa na vyeo vya kijeshi vilivyoigwa kwa wakoloni, na kimojawapo cha vyama maarufu kiliitwa Marini, jina linalotokana na wanamaji. Mwanahistoria Terence Ranger aliichunguza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1975. Kwa hiyo, muda mrefu kabla ya hobi ya Ulaya kufika Afrika Mashariki katika masanduku ya katoni, Waswahili walikwisha kuichukua manowari ya mtawala, kuivua mizinga na kuiingiza katika kampeni ya miaka mingi ya ushindani wa mitaa. Waliyacheza madaraka yaliyowatisha, na kwa kuyacheza walipata nafasi ya kuyatazama bila kupiga magoti.

Zaidi ya hayo, mchezo waweza kuokoa maisha. Michezo ya vita ya kisasa ilianzia katika jeshi la Prussia, ambako luteni von Reisswitz aliuwasilisha mchezo wake mwaka 1824, na ule wa baharini ukapata umaarufu kwa Mwingereza Fred T. Jane mwaka 1898. Lakini mfano wenye uzito zaidi kimaadili ni wa Liverpool, mwaka 1942, wakati nyambizi za Kijerumani, wavamizi wa biashara wa zama hizo, zilipokuwa zikizizamisha meli za chakula katika Atlantiki. Chini ya Kapteni Gilbert Roberts, wanawake vijana wa jeshi la wanamaji walichora misafara ya meli kwa chaki juu ya sakafu ya chumba kikubwa, njia za nyambizi zikichorwa kwa chaki ya kijani, rangi ambayo maafisa waliokuwa wakichungulia kupitia matundu ya pazia hawakuweza kuiona. Maafisa hao walitoa amri kutokana na kidogo walichokiona, kisha pazia likafunguliwa wakaona jinsi walivyokosea, na mbinu zilizozaliwa juu ya sakafu hiyo zikapelekwa baharini kuilinda misafara. Katika Vita Kuu hiyo ya Pili mabaharia wa meli za biashara za Uingereza zaidi ya 30,000 walipoteza maisha. Mchezo uliopunguza idadi hiyo hata kwa baharia mmoja hauwezi kuitwa dharau kwa kifo.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, kwa sababu halijengwi juu ya kuchukizwa, bali juu ya ukweli. Linasema kwamba mchezo wa mvamizi wa biashara hurithi jicho la mvamizi, na jicho hilo limefunzwa kuona tani. Kampeni nyingi za mezani humalizika pale Königsberg inapozama, alama zikajumlishwa na mshindi akatangazwa. Lakini kwa watu wa Afrika Mashariki kuzama huko kulikuwa mwanzo tu. Mizinga yote 10 ilitolewa mtoni, ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam na kuingizwa katika vita ya nchi kavu ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, na mmoja wao ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo baadaye iliitwa Liemba. Mzinga wa manowari hukusudiwa kubebwa na maji, na ukitolewa majini hauna budi kubebwa na watu. Hata kabla ya hapo, manowari ilipokuwa bado inatafuta njia ya kutoka mafichoni, sehemu za mitambo yake ya mvuke zilizoharibika zilikokotwa na wapagazi kutoka delta hadi karakana za Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 100 za tope na pori, zikatengenezwa na kukokotwa kurudi. Katika ramani ya mchezaji safari hiyo, kama ipo kabisa, ni zamu mbili tatu ambazo manowari hairuhusiwi kusogea.

Ni vyema kukaa kidogo na zamu hizo. Ndani yake zimo kamba zilizokata mabega, magogo yaliyowekwa chini ya chuma ili kiteleze, watu waliotolewa vijijini mwao msimu wa kulima, na mashamba yaliyobaki bila mbegu. Kwa upande wa Waingereza peke yao inakadiriwa kwamba takriban watu milioni moja walitumikishwa kama wapagazi katika vita nzima, na waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, walifikia 95,000 au zaidi. Jina la Kariakoo, soko linalojulikana na kila mfanyabiashara wa Simiyu anayesafiri kufuata bidhaa Dar es Salaam, ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Wasukuma na Wanyamwezi, ambao mababu zao walikuwa mabingwa wa misafara kabla ya ukoloni, waliokuwa wakibeba mizigo kwa ujira na kwa fahari, walijikuta katika biashara ileile bila fahari na bila hiari. Sheria ya ngawira ilimlinda baharia wa City of Winchester. Haikuwa na kifungu hata kimoja kwa mtu aliyekokota mtambo wa Königsberg.

Hapa ndipo tofauti kati ya michezo na michezo inapodhihirika, na bao laweza kuifafanua. Katika sataranji, kipande kilicholiwa hutolewa mezani na hakina kazi tena. Katika bao la Kiswahili, ambalo Wasukuma wana ndugu yake aitwaye isolo, kete 64 zilizoanza mchezo ndizo zinazoumaliza, kwa kuwa kete iliyoliwa husambazwa upande wa aliyeila na huendelea kuhesabiwa shimo kwa shimo. Mchezaji wa bao hawezi kumpoteza mtu. Anaweza tu kumhamisha. Kwa mtazamo huo sheria ya ngawira, iliyotaka meli iliyokamatwa ihifadhiwe na kufikishwa mahakamani, ilikuwa na roho ya bao, wakati mahitaji ya mvamizi asiye na bandari ya kurudia yalimsukuma kila siku kuelekea sataranji, na ndiyo sababu City of Winchester iliishia chini ya bahari. Kanuni za mchezo, basi, hubeba ndani yake kauli kuhusu ulimwengu: zipo zinazosema kwamba kilichoshindwa hakipo tena, na zipo zinazosema kwamba hakuna kinachotoka katika hesabu.

Yaweza kujibiwa kwamba kila mfano wa jambo huacha kitu nje, kwamba ramani isiyoacha chochote ingekuwa kubwa kama nchi yenyewe, na kwamba kumdai mtunzi wa mchezo amweke kila mpagazi mezani ni kumdai asiyeweza kulipa. Yaweza kuongezwa, na kwa haki zaidi, kwamba kuwaingiza wafu hao katika mchezo kama alama za kujumlishwa na kutolewa kungekuwa tusi la pili, kwani mtu aliyefanywa tani moja na jeshi angefanywa nukta moja na burudani. Majibu haya mawili yana nguvu, na kuyapuuza kungekuwa kuukwepa ugumu wa suala lenyewe. Yanachokosa ni kutofautisha aina mbili za kuhesabu. Ipo hesabu ya dukani, ambayo huuliza nini kimebaki baada ya kutoa, na ipo hesabu ya deni, ambayo huuliza nani anadaiwa na nani. Mpagazi hafai kuingizwa katika hesabu ya kwanza, lakini kumwacha nje ya hesabu ya pili ni uongo.

Utamaduni wa Tanzania unao mfano wa mchezo unaoishika hesabu ya pili, nao ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita kali mwishoni mwa karne ya 19, na leo ni watani. Utani wa Wasukuma na Wanyamwezi na watu wa pwani huelezwa kuwa ulikua juu ya njia za misafara, ambako mgeni aliyechoka alihitaji mtu wa kumpa maji na kumzika akifia njiani. Mtani anayo ruhusa ambayo ndugu hana: hufika msibani akiigiza mwendo na sauti ya marehemu, huvaa kofia yake, huzuia jeneza akidai alipwe kwanza, na waombolezaji, machozi yakiwa bado hayajakauka, hujikuta wakicheka. Hakuna anayemwona kuwa ameidharau maiti, na sababu ni moja: mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi, ndiye anayebeba maji na kuwapikia wafiwa. Haki yake ya kutania imelipiwa kwa kazi ya kuzika. Akija msibani kutania tu, kisha akaondoka kabla ya jembe kushikwa, hataitwa mtani. Ataitwa mtu asiye na adabu.

Kutokana na mfano huo kipimo cha mchezo wa vita hupatikana bila kuhitaji marufuku ya jumla. Mchezaji wa kampeni ya manowari anaisogelea maiti ya vita akiiigiza, na swali la kumwuliza ni kama ameshika jembe. Kulishika, kwa upande wa mtunzi wa kanuni, ni kukataa kumpa mvamizi nguvu zisizo na chanzo: kila mtambo unaokokotwa kwenda Dar es Salaam uwe na kijiji ulikotoa watu wake, kijiji hicho kiwe na msimu wa kulima, na msimu huo ukipita bila mikono, njaa yake ibaki juu ya ramani hadi mwisho, wala isifutike kwa sababu manowari imeshinda. Mchezo wa namna hiyo hautoi alama kwa ajili ya wapagazi. Unamfanya tu mchezaji ashindwe kuisogeza manowari yake bila kujua ni nani anayeisogeza. Katika darasa la historia la sekondari mjini Bariadi, ambako wanafunzi wengi ni watoto wa wakulima wa pamba na wanajua mikono mingapi inahitajika ili palizi isichelewe, kanuni hiyo moja ingeeleweka kwa haraka kuliko sura nzima ya kitabu.

Wasukuma huwaita wazee waliotangulia masamva, na katika imani yao ya asili wafu hao hawapokonywi nafasi yao katika ukoo kwa sababu ya kufa, bali huendelea kudai kutajwa, kukumbukwa na kutunzwa, na waliosahauliwa huwasumbua walio hai hadi watajwe tena. Mkristo na Mwislamu wa Simiyu wataieleza kwa namna nyingine, wakisema kwamba kila nafsi imo katika hesabu ya Mwenyezi Mungu hata kama haikuandikwa na karani yeyote wa jeshi. Lakini wote watatu wanakubaliana juu ya jambo linalomgusa mchezaji, kwamba kutoonekana kwenye ramani si sawa na kutokuwapo. Baadhi ya mabaharia wa Pegasus waliouawa wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, ng'ambo ya bandari ya Zanzibar, na majina yao yanasomeka. Waliokokota mitambo ya manowari ya bomba tatu hawana kisiwa wala jiwe, na mahali pa pekee wanapoweza kukutwa leo ni katika zamu zile mbili tatu ambazo mchezaji, akisubiri manowari yake iruhusiwe kusogea, hudhani kwamba hakuna kinachotokea.